Pikipiki Inayobaki Nyumbani: Majibu kwa Anayesafiri Nje ya Nchi

Mkataba wa kazi Muscat, Doha au Riyadh kwa kawaida ni wa miaka miwili. Anayekwenda kusoma anakaa mwaka au zaidi, na anayempeleka mgonjwa India hajui atarudi lini. Katika heka heka za pasipoti, viza, vipimo vya afya na kuaga ndugu, pikipiki hukumbukwa siku ya mwisho. Ufunguo anaachiwa yeyote aliye karibu, chombo kinasukumwa nyuma ya nyumba, kinafunikwa nailoni, safari inaanza. Mwenyewe akirudi anakuta tenki lina kutu, betri imekufa, nyaya zimetafunwa na panya. Wengine hawaikuti kabisa.

Maswali haya ndiyo yanayosumbua wengi. Majibu yamelenga pikipiki tulizozizoea mitaani, Boxer, TVS, Honda na ndugu zao: injini ya silinda moja inayopozwa na upepo, kabureta, na betri ya volti 12. Mwenye pikipiki kubwa ya kisasa atumie kanuni zilezile, ila asome pia kitabu kilichokuja nayo.

Niihifadhi, au niiuze kabla sijaondoka?

Angalia kwanza urefu wa safari. Ukiondoka kwa wiki mbili au tatu, huna haja ya kufungua chochote: ijaze upepo, ifunge, iweke mahali salama. Miezi mitatu hadi mwaka mmoja inahitaji maandalizi yanayoelezwa hapa chini, na ukiyafanya utaikuta nzima. Ikiwa ni miaka miwili au zaidi, na pikipiki yenyewe ni ya kawaida ya kazi, ushauri wangu ni uiuze, au uitoe kwa mkataba kwa dereva unayemfahamu. Mpira wa tairi huzeeka hata ukiwa umesimama. Sili za injini na za shokomzoba hukauka, betri hufa, na bei ya chombo hushuka mwaka hadi mwaka. Fedha uliyoiuzia inaweza kulipa gharama za safari au kukaa benki ikikusubiri.

Mkataba wa bodaboda, ule ambao dereva analeta hesabu kwa muda mliokubaliana kisha pikipiki inakuwa yake, unamfaa msafiri kwa sababu dereva ana hamu ya kuitunza mali inayokaribia kuwa yake. Lakini uandikwe. Uoneshe kiasi cha hesabu, siku ya kulipa, nani analipia matengenezo na bima, na nini kitatokea ikiibwa au ikipata ajali kabla deni halijaisha. Usainiwe mbele ya wakili au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kila mmoja abaki na nakala. Malipo yapite kwenye simu au benki ili yaache kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na anayedai hesabu kutoka ng'ambo ya bahari ndiye anayelihitaji daftari kuliko wote.

Kama pikipiki bado ina mkopo, si yako kuihifadhi unavyotaka. Marejesho hayasimami kwa sababu umesafiri, na mkopeshaji akiona malipo yamekatika ataifuata ilipo. Zungumza naye kabla ya kukata tiketi: malizia deni, au mkubaliane kwa maandishi nani atalipa.

Nimwachie nani?

Hapa ndipo pikipiki nyingi zinapopotelea, kabla kutu haijafika. Mwizi wa usiku ni hatari, lakini hatari kubwa zaidi ni maelewano ya mdomo na mtu wa karibu. Mdogo wako anaichukua mara moja kumpeleka mama kliniki, kisha kila Jumapili, kisha rafiki yake anaiazima, kisha inaingia kijiweni. Hakuna siku hata moja ambayo mtu aliamua kukudhulumu. Kila hatua ilikuwa ndogo, na wewe hukuwepo kusema hapana.

Kwa hiyo amua mapema jambo moja: pikipiki hii inatumika au haitumiki? Ukisema haitumiki, iwe haitumiki kwa mtu yeyote, na umwambie kila aliye nyumbani, si mtunzaji peke yake. Ukisema shemeji yako aitumie, basi ni yeye tu, kwa shughuli mlizozitaja, na yeye ndiye mwenye wajibu wa matengenezo.

Kisha tenganisha ufunguo na kadi. Anayekaa na ufunguo asikae na kadi halisi ya usajili, ile ambayo Kenya wanaiita logibuku. Mjomba aliye na pikipiki uani abaki na ufunguo mmoja. Kadi halisi ikae kwa mama, kwa dada aliye mji mwingine, au kwa wakili. Mtunzaji apewe nakala tu. Sina maana kwamba mjomba ni mwizi. Akibanwa na shida, au akiandamwa na kijana mwenye mnunuzi mkononi, nakala na ufunguo havitoshi kumaliza mauzo, na jambo hilo litamlinda yeye pia asiingie kwenye lawama. Usiache karatasi tupu yenye sahihi yako, hata ukiambiwa ni ya dharura.

Usiondoke na funguo zote. Nyumba ikiungua au mafuriko yakija, lazima awepo mtu wa kuitoa. Ufunguo wa pili uweke kwenye bahasha iliyofungwa kwa mtu mzima anayeheshimika, na mtunzaji ajue ulipo.

Andika barua fupi ya makabidhiano: namba ya usajili, namba ya chesesi, namba ya injini, rangi, hali ya chombo siku hiyo, masharti ya matumizi, na tarehe. Namba ya chesesi hugongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani. Ya injini iko kwenye injini yenyewe. Piga picha za vyote hivyo, na za kila upande wa pikipiki, uzihifadhi mahali utakapozipata hata simu ikipotea. Mjumbe au mwenyekiti wa mtaa akishuhudia barua hiyo, mtunzaji atakuwa na cha kuonesha polisi wakiuliza kwa nini ana chombo kisicho chake. Ukitaka mtu awe na uwezo wa kuuza au kushughulikia bima kwa niaba yako, barua hiyo haitoshi. Nenda kwa wakili akuandalie hati ya uwakilishi inayotaja wazi mambo anayoruhusiwa kufanya.

Kwa Wakenya kuna jambo la ziada. Umiliki unahamishwa mtandaoni kupitia huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na safari inaanzia kwenye akaunti ya muuzaji ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mwenye neno lako la siri na laini yako ya simu ana nguvu kubwa kuliko mwenye ufunguo. Usimwachie mtu laini yako, wala usiiache ilale kimya hadi mtandao uifunge.

Ndugu akiitumia na kupata ajali, mimi niliye mbali nahusika?

Unahusika. Jina lililo kwenye kadi ni lako. Tanzania, sheria ya bima ya vyombo vya moto inakataza chombo kuingia barabarani bila bima inayowalinda watu wengine, na Kenya ina sheria ya namna hiyo. Pikipiki isiyo na bima ikimgonga mtembea kwa miguu, familia ya majeruhi itatafuta dereva na itamtafuta mmiliki. Faini za barabarani nazo Tanzania zinaandikwa kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya usajili, na zitabaki kwenye namba hiyo hadi zilipwe. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuliangalia deni mtandaoni ukiwa popote. Mtu aliyekuapia kwamba chombo hakijatoka uani, huku namba yako ina faini ya mwezi uliopita, ameshajibu swali lako.

Kuna hali nyingine inayoumiza. Pikipiki ikikamatwa na kupelekwa kituoni, na mwenyewe hayupo, na aliyekuwa nayo hana karatasi, itakaa uani mwa polisi kwenye jua na mvua. Chombo kisichodaiwa mwishowe huweza kupigwa mnada. Hii ni sababu nyingine ya kuwa na barua ya makabidhiano na mtu anayejua kadi iko wapi.

Niiweke wapi?

Mahali pakavu, penye paa, penye kufungika, na penye mtu anayepita kila siku. Ukikosa kimoja, usikose hicho cha mwisho. Stoo nzuri ya shamba isiyofunguliwa mwaka mzima ni mahali pabaya kuliko ua wa nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita wanaofahamiana. Kama nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba akubali kwa maandishi, maana mpangaji unayemwachia anaweza kuhama kabla hujarudi.

Maegesho ya kulaza vyombo kwa malipo ya usiku yanafaa kwa siku chache. Kwa miezi mingi gharama inakuwa kubwa, pikipiki inakaa juani, na inasogezwa kila siku na mikono tofauti. Ukilazimika, pata risiti yenye namba ya usajili.

Watu wengi mijini hulaza pikipiki ndani ya nyumba, sebuleni au kwenye korido, kwa hofu ya wezi. Naielewa hofu hiyo, lakini nitasema kwa nguvu zote: pikipiki yenye petroli haipaswi kukaa kwa miezi kwenye nyumba wanayolala watu. Petroli inatoa mvuke hata kwenye baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu ukatokea dirishani. Unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, hadi ukutane na jiko la mkaa, jiko la gesi, kibatari au cheche ya swichi. Bomba la mafuta la mpira likipasuka usiku kwenye korido ambayo ndiyo njia pekee ya kutokea nje, wenyeji watakuwa ndani na moto utakuwa mlangoni. Kama hakuna njia ila kuiweka ndani, toa petroli yote, kwenye tenki na kwenye kabureta, acha tenki wazi nje kwa siku nzima mvuke utoke, ndipo uiingize. Na isikae kwenye njia ya kutokea. Petroli uliyoitoa usiitunze kwenye dumu chini ya kitanda. Mpe mwenye chombo kingine aitumie.

Angalia pia maji. Anayeishi bonde la Msimbazi anajua, na waliokuwa Nairobi kwenye mvua za Aprili na Mei 2024 wanajua, kwamba uani panaweza kugeuka mto kwa usiku mmoja. Pikipiki iliyozama injini haipaswi kuwashwa hata kidogo hadi fundi aifungue na kumwaga maji na oili yote. Mtunzaji aambiwe hili mapema, kwa sababu jambo la kwanza ambalo kila mtu hufanya ni kupiga kiki kuona kama bado inawaka.

Tenki niliache limejaa au tupu?

Inategemea muda na mahali. Petroli inaanza kuchakaa ndani ya miezi michache. Sehemu zake nyepesi huruka, zinazobaki hugeuka utomvu wa kunata unaoziba vijitundu vya jeti kwenye kabureta. Ndiyo maana pikipiki iliyokaa haikubali kubaki ikiwaka bila choki, au inawaka kisha inazima ukiifungulia mafuta. Kwa upande wa pili, tenki la chuma lililo nusu lina hewa, hewa ina unyevu, na usiku unyevu huo unajikusanya matone kwenye kuta za ndani. Kutu inaanzia hapo.

Kwa miezi miwili au mitatu, na kama chombo hakiko ndani ya nyumba, jaza tenki kwa petroli safi, uache nafasi ndogo juu kwa sababu mafuta hutanuka kwenye joto. Funga koki. Kisha fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, umwage yaliyomo. Ukipata dawa ya kutunza petroli, ichanganye kabla, uiendeshe dakika kumi ili ifike hadi kwenye kabureta.

Kwa muda mrefu zaidi, toa yote. Tenki likikauka, mimina kiasi kidogo cha oili safi ya injini, liondoe kwenye pikipiki, ligeuze huku na huku hadi oili ipake kila upande, kisha ufunge kifuniko. Kazi hii haizidi saa moja. Tenki likishaoza kwa ndani, chembe za kutu zitakuwa zinashuka kwenye kabureta kila wiki, na utasafisha hadi uchoke na mwisho ununue jingine.

Je, mtu awe anaiwasha kila wiki?

Hapana. Najua ushauri huu unapingana na unaoambiwa na kila mtu, na wanaousema wanakutakia mema. Injini ikiunguza petroli inatengeneza maji. Ikiendeshwa barabarani hadi ipate moto sawasawa, maji hayo hutoka kama mvuke. Ikiwashwa dakika tano imesimama, haipati joto la kutosha. Maji yanabaki ndani ya egzosi na kuchanganyika na oili, na egzosi inaozea ndani. Plagi inajaa masizi. Betri nayo hupoteza kwenye stata zaidi ya inachorudishiwa kwenye mzunguko wa taratibu.

Chagua moja kati ya mawili. Awepo mtu mwenye leseni, kofia ngumu na bima hai, anayeitoa mara moja kwa wiki mbili au tatu na kuiendesha nusu saa barabarani. Au ilazwe kikamilifu, isiguswe hadi urudi. Njia ya katikati ndiyo inayoharibu.

Kuilaza kikamilifu kunaanza na oili. Imwage ya zamani uweke mpya kabla ya kuondoka, hata kama haijafikia kilomita zake, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na unyevu unaokula beringi. Kisha toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu lake, hakikisha swichi imezimwa, piga kiki taratibu mara chache ili oili isambae kwenye ukuta wa silinda, rudisha plagi. Pistoni haitagandia.

Betri nifanyeje?

Itoe. Anza na waya wa hasi, ule mweusi, kisha chanya. Siku ya kurudisha anza na chanya. Betri ya risasi hupoteza chaji yenyewe hata ikiwa mezani, na joto la Pwani huongeza kasi. Ikibaki kwenye pikipiki yenye alamu au kifaa cha kufuatilia mahali, kifaa hicho huinyonya usiku na mchana. Betri ikikaa bila chaji, sahani zake hupata ugumu mweupe unaozuia isipokee tena umeme, na hapo hakuna fundi wa kuifufua.

Ikipimwa kwa mita baada ya kupumzika, betri iliyojaa huonesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 12.4, ichajiwe. Ikifika 12, imekwisha. Mtunzaji aipeleke kuchaji kila mwezi au miwili, lakini amwambie mwenye chaja kwamba ni ya pikipiki. Betri ndogo ya ampea-saa 5 inataka umeme wa nusu ampea hivi kwa saa nyingi. Ikiwekwa pamoja na za malori itachemka na kuharibika mchana mmoja. Wakati wa kuchaji hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo isichajiwe chumbani, na asidi yake iwe mbali na watoto. Kama hakuna wa kufanya yote haya, mpe ndugu mwenye pikipiki ya aina hiyo aitumie, ununue nyingine ukirudi.

Na vilivyobaki?

Osha pikipiki, ikauke kabisa. Matope ya chini ya madigadi na kuzunguka cheni hushika maji kwa wiki nyingi. Cheni isafishwe, ipakwe oili nzito au grisi. Isimamishe kwa stendi ya katikati juu ya ubao, usiiache kwenye stendi ya pembeni, na tairi la mbele liinuliwe kidogo kwa gogo au tofali chini ya fremu. Ikishindikana, jaza upepo vizuri na mtunzaji asogeze magurudumu kila mwezi ili yasilalie upande mmoja. Jua lisifike kwenye tairi wala kwenye kiti.

Ziba egzosi kwa kitambaa chenye oili. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda tundu hilo kuliko unavyodhani, na panya wanapenda boksi la filta ya hewa. Funga kwenye usukani kipande cha boksi kilichoandikwa kwa herufi kubwa: EGZOSI IMEZIBWA, HAINA PETROLI. Kitakusaidia wewe na mtu mwingine yeyote atakayetaka kuijaribu. Usiache mahindi, pumba wala magunia karibu nayo.

Nikiwa Pwani nifanye nini zaidi?

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Lamu, Unguja na Pemba hewa yenyewe ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Chuma kilichowekwa wazi mbele ya bahari huanza kushika kutu mapema kuliko Dodoma au Arusha. Wenye vespa Unguja wajihadhari zaidi, kwa sababu mwili wa vespa ni bati la chuma na ndio unaobeba kila kitu. Ukioza sakafu yake, huna fremu nyingine chini ya kutegemea.

Ioshe kwa maji baridi, kausha, kisha paka oili nyepesi kwenye kila chuma kisicho na rangi: spoku, bolti, egzosi, vikonyo vya breki. Breki zenyewe zisiguswe na oili. Rudia kazi hii kabla ya masika, ambayo huanza Machi, na kabla ya vuli ya Oktoba. Usifunike kwa nailoni. Nailoni inafungia jasho la ardhini, na asubuhi utakuta matone chini yake hata kama mvua haikunyesha. Shuka la zamani la pamba linafaa likiwa chini ya paa. Ikibidi kutumia turubai nje, liinuliwe kwa fito ili upepo upite chini.

Kufuli gani linatosha?

Kufuli la usukani pekee halitoshi, kwani watu wawili wenye guta wataibeba pikipiki nzima. Kinachotakiwa ni cheni nene inayopita kwenye fremu, si kwenye gurudumu tu, na kufungwa kwenye kitu kisichotembea: nguzo ya zege au pete ya chuma iliyochimbiwa sakafuni. Kufuli lisilale chini, maana likigusa sakafu linapigwa nyundo kwa urahisi. Pikipiki isionekane kutoka barabarani. Na usitangaze mtandaoni tarehe ya kuondoka na ya kurudi.

Bima iendelee?

Bima ndogo haikulipi ukiibiwa. Inalinda watu wengine dhidi ya madhara ya chombo chako. Kwa hiyo pikipiki iliyofungwa stoo ikiwa na bima ndogo peke yake, ikiibwa au ikiungua umepoteza. Kama haitoki kabisa, wengi huiacha bima hiyo iishe na kukata nyingine siku ya kurudi. Lakini kama kuna mtu hata mmoja anayeitoa, iwe hai muda wote.

Bima kubwa ndiyo inayogusa wizi na moto. Mwambie wakala, kwa maandishi, kwamba utakuwa nje na pikipiki itakaa wapi, kwa sababu kunyamaza kunaweza kuwa sababu ya dai lako kukataliwa. Tanzania unaweza kuhakiki stika yako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, kabla hujasafiri, na ni vizuri kufanya hivyo, maana stika bandia zipo. Ada ya mwaka ya leseni ya vyombo vya moto ilifutwa Tanzania mwaka 2017, kwa hiyo hofu ya zamani ya kukuta deni la serikali limejikusanya wakati chombo kimelala isikusumbue.

Je, kama nimevuka nayo mpaka na nataka kuiacha nchi jirani?

Usiiache kabla ya kwenda forodha. Pikipiki iliyoingia kwa kibali cha muda imeandikwa kwa jina lako na ina tarehe ya kutoka, na sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inatumika kwa nchi wanachama. Kibali kikiisha wakati uko angani, chombo kinaweza kuzuiwa na kudaiwa ushuru, na rafiki uliyemwachia ndiye atakayeulizwa. Waulize maofisa wa mpakani kama muda unaongezeka, au irudishe nyumbani kwanza. Mara nyingi kuirudisha ni nafuu.

Nimerudi. Naiwashaje?

Usipige stata siku hiyohiyo kwa furaha. Ondoa kitambaa cha egzosi, angalia boksi la filta kama kuna kiota, kagua nyaya. Mwaga oili iliyobaki kwenye tenki, lisuuze kwa petroli kidogo nje penye hewa, kisha weka petroli mpya. Kama ulikuwa umeacha petroli ya zamani, itoe yote na usafishe kabureta. Toa plagi, piga kiki mara kadhaa taratibu, weka plagi mpya au iliyosafishwa, rudisha betri iliyochajiwa.

Tairi zitazame pembeni. Zikiwa na nyufa, zibadilishe hata kama meno yake ni mapya. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne zinazoonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2322 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2022. Kama ina breki ya diski, mafuta yake hunywa unyevu kutoka hewani, na baada ya miaka miwili yabadilishwe bila kubishana. Breki za ngoma zikaguliwe kama zimeganda.

Angalia faini kwa namba ya usajili, kata bima. Ikiwaka, iache ipate moto kwenye njia ya mtaani, jaribu breki mara kadhaa kwa mwendo mdogo, rudi nyumbani, mwaga oili ikiwa ya moto uweke nyingine, na ukaze bolti za magurudumu na usukani. Baada ya hapo ndipo uingie nayo barabara kuu.